Maswali ya Wasomaji: Yatora, mkaa wa kuchorea na ngozi ya kijani

Toleo lililopita tuliigusa kwa mistari miwili tu manga (kitabu cha katuni cha Kijapani) ya Blue Period, ile ya mwanafunzi wa sekondari wa Tokyo anayekumbwa na uchoraji akiwa tayari amechelewa, na barua hazijakoma tangu hapo. Nusu zinauliza habari za kitabu, nusu zinauliza kazi ya mikono: mkaa, rangi, turubai. Tumezichanganya makusudi, maana kitabu chenyewe kimezichanganya vivyo hivyo.

Blue Period ilianza kuwa katuni ya televisheni au kitabu? Na je, ni kisa cha kweli? Wenzangu wanabishana.
*Mpenzi wa anime*

Kitabu ndicho kilichotangulia. Yamaguchi Tsubasa alianza kuichapisha mwaka 2017 katika Afternoon, jarida la kila mwezi la kampuni ya Kodansha. Mwaka 2020 ilitwaa tuzo ya Manga Taisho na pia Tuzo ya Manga ya Kodansha. Anime, yaani katuni ya televisheni, ya vipindi 12, iliyotengenezwa na studio ya Seven Arcs, ilitoka 2021, na filamu ya waigizaji ikafuata 2024. Anime inakomea kwenye mtihani wa kuingia chuo, yaani juzuu sita za mwanzo. Ukitaka kujua yanayofuata, rudi kwenye kitabu, kuanzia juzuu ya saba.

Kisa ni cha kubuni, na Yaguchi Yatora, mhusika mkuu, hayupo. Ila Yamaguchi amesoma Chuo Kikuu cha Sanaa cha Tokyo, kile ambacho Wajapani hukiita Geidai, na ndicho Yatora anachokihangaikia. Ndiyo maana vitu vidogo vimekaa sawa: namna penseli inavyochongwa, namna turubai inavyobebwa, namna chumba cha mtihani kinavyokuwa kimya.

Kuna jambo wengi hulipita. Picha nyingi zinazoonekana kuwa kazi za wahusika zimechorwa na wachoraji wengine, na majina yao yametajwa ndani ya juzuu. Mkono wa Yatora haufanani na wa mshindani wake, Takahashi Yotasuke, kwa sababu ni mikono miwili kweli. Ukisoma mara ya pili, simama kwenye picha hizo uzilinganishe, utaona tofauti ambayo mchoraji mmoja angepata taabu kuiigiza.

Jina nalo lina maana mbili. Blue Period ni jina la kipindi cha bluu cha mchoraji Picasso, kati ya 1901 na 1904. Na picha ya kwanza ya Yatora inayomtoa usingizini ni ya Shibuya, mtaa wa Tokyo, alfajiri, baada ya kukesha na wenzake, mji mzima ukiwa wa bluu machoni pake.

Nimepata juzuu ya kwanza lakini maneno hayafuatani kabisa. Mtu anajibu kabla hajaulizwa!
*Nimekwama ukurasa wa tatu*

Unaisoma kinyumenyume. Manga husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Anzia upande ambao kwa vitabu vyetu ungekuwa mwisho, na kwenye kila ukurasa anza na kidirisha cha juu kulia, nenda kushoto, kisha shuka. Viputo vya maneno ndani ya kidirisha hufuata mkondo huohuo. Baada ya kurasa ishirini hivi jicho litazoea.

Nimeanza kuchora vitu vya mezani kama Yatora anavyofanya kwenye klabu ya sanaa. Kikombe changu kila mara kinakuwa kama kimekanyagwa. Mdomo wake una ncha mbili pembeni, na kitako kinaelea. Nakosea wapi?
*Kikombe kilichopinda*

Makosa yako ni matatu, na karibu kila anayeanza anayo yote.

La kwanza ni ncha. Mdomo wa kikombe ni duara, na duara ukiliona kwa ubavu huwa yai lililolala. Halina kona popote. Wanaoanza huchora mstari wa mbele na mstari wa nyuma kama pinde mbili, halafu wanazikutanisha pembeni, ndipo zinapozaliwa ncha kama za jani. Dawa yake ni kuzungusha mkono mzima kutoka begani, penseli ikiwa juu ya karatasi bila kuigusa, mara tatu nne, kisha uiruhusu iguse wakati mkono ungali unazunguka. Mistari itapita juu ya mwenzake. Iache, utachagua ulio sahihi baadaye.

La pili ni kitako. Ukijua kikombe kimekaa juu ya meza bapa, akili inakuamuru uchore kitako kwa mstari ulionyooka. Jicho haliambii hivyo. Kikombe kikiwa chini ya usawa wa macho yako, duara la mdomo huonekana jembamba, na duara la kitako huonekana limefunguka zaidi, kwa sababu kitako kiko chini zaidi ya macho na unakitazama kwa juu zaidi. Kwa hiyo upinde wa kitako uwe na tumbo kubwa kuliko upinde wa mdomo. Chora duara zima la kitako, hata sehemu ya nyuma isiyoonekana, kana kwamba kikombe ni cha kioo, halafu ufute usiyoihitaji. Kikombe kitaacha kuelea.

La tatu ni vipimo, na hapa ndipo ile ishara ya kunyoosha mkono na penseli inapoingia. Si mbwembwe. Kaa sehemu moja usihame. Nyoosha mkono mpaka kiwiko kifungike, funga jicho moja, shika penseli ikiwa mlalo, na usiielekeze mbele kuelekea kikombe. Linganisha ncha ya penseli na ukingo mmoja wa kikombe, sogeza kidole gumba mpaka ukingo wa pili. Huo ndio upana. Sasa geuza penseli uone upana huo unaingia mara ngapi kwenye urefu. Tuseme mara moja na robo. Kwenye karatasi chora upana wowote unaoupenda, kisha urefu wake uwe mara moja na robo ya huo. Unahamisha uwiano tu, ukubwa ni hiari yako. Kiwiko kikikunjwa hata kidogo kati ya kipimo cha kwanza na cha pili, hesabu yote imeharibika, na hilo ndilo linalowaponza wengi wanaosema "nilipima lakini haikutoka".

Sikio la kikombe usilichore kama sikio. Chora ule uwazi ulio kati ya sikio na mwili, umbo la hewa. Akili haina picha ya kukariri ya uwazi huo, kwa hiyo jicho hulazimika kuuangalia kweli.

Kuhusu kivuli: usianze nacho mpaka umesimama hatua tatu nyuma ukaona umbo limekaa. Kisha kunja macho nusu. Mambo madogo yatapotea na utabaki na ngazi kama tano tu za mwanga na giza. Tazama upande wa giza wa kikombe: ukingo kabisa si ndio mweusi zaidi. Weusi zaidi uko ndani kidogo, halafu ukingoni panang'aa hafifu kwa mwanga unaorudi kutoka mezani. Ukiufuta mwanga huo, kikombe kitabandikwa kwenye ukuta wa nyuma kama karatasi. Ukiuzidisha, kitakuwa cha bati. Na kile kivuli kinachoanguka juu ya meza kina ukingo mkali karibu na kitako, kisha kinalainika kadiri kinavyokwenda mbali.

Penseli: anza na laini, 2B au 3B, kwa mkono mwepesi, ukijenga sehemu kubwa za giza. Zile ngumu, H na 2H, zije baadaye kwenye sehemu za mwanga na kukaza kingo. Ukianza na ngumu ukikandamiza, karatasi inalainika kama iliyopigwa pasi na penseli laini haishiki tena juu yake. Wanafunzi wa Japani huchonga kwa kisu, si kwa kichongeo, ili kiini cha penseli kijitokeze kama sentimita moja, waweze kuilaza na kufunika eneo pana. Weka karatasi safi chini ya kiganja. Ule mng'ao wa kijivu unaopatikana kwa kusugua na kidole huonekana mzuri kwa dakika tano tu, kisha mchoro mzima hubaki na sura ya ukungu.

Kwenye manga wanafuta mchoro kwa mkate! Nimejaribu, karatasi imepata madoa na wadudu wamekuja. Ni utani au kweli?
*Mkate na mkaa*

Ni kweli, na ni mbinu ya zamani kuliko raba. Kabla ya raba kuanza kutumika Ulaya katika karne ya 18, mkate ndio uliokuwa kifutio. Umebaki kwa mkaa wa kuchorea kwa sababu nzuri: mkaa ni vumbi lililokaa juu ya nyuzi za karatasi, halijazama. Mkate laini hulinyanyua vumbi bila kuzikwangua nyuzi. Raba ngumu huzilaza nyuzi, na pale ulipofuta mkaa haushiki vizuri tena, panabaki kama kovu.

Madoa yako yametokana na mafuta. Mkate wenye siagi, maziwa au sukari nyingi haufai. Tumia mkate mweupe wa kawaida, toa ganda, chukua nyama ya ndani, ifinyange kidogo kwa vidole mpaka ishikane, kisha bonyeza na kunyanyua, bonyeza na kunyanyua. Usiburute. Ikishakuwa nyeusi, itupe uchukue nyingine. Vidole vyenyewe viwe vimeoshwa, kwa sababu mafuta ya ngozi huacha alama ileile, nayo huonekana baadaye, mkaa unapokataa kushika mahali penye umbo la kidole chako.

Wadudu ni kosa la usafi. Ukimaliza, inamisha ubao, ugongegonge kwa nyuma chembe zidondoke, zilizobaki zipanguse kwa brashi laini kavu. Usipulize kwa mdomo. Tone moja la mate kwenye mkaa huwa doa la kudumu. Kama mkate unakusumbua, kuna kifutio cha kufinyanga, kile kinachokandwa kama unga uliokandwa tayari. Kinafanya kazi hiyohiyo na hakivutii wadudu.

Vijiti vizuri ni vya matawi membamba yaliyochomwa bila hewa, mara nyingi ya mti wa willow. Katikati ya kijiti huwa kuna kiini laini kinachofanya mstari utoke hafifu upande mmoja. Wachoraji wa Japani hukitoa kwa waya mwembamba kabla ya kuanza. Mkaa wa jikoni unaandika, ndiyo, lakini una punje ngumu zinazochana karatasi bila kutoa taarifa. Karatasi nayo iwe na mkwaruzo, ile ya kuchapishia ni laini mno, vumbi litateleza.

Mchoro ukikamilika, puliza dawa ya kushikisha kutoka umbali wa sentimita 30, tabaka mbili au tatu nyepesi, ukiacha kila moja ikauke. Fanya nje au penye hewa. Ukipuliza karibu, matone yatasukuma vumbi na kutengeneza mito. Dawa hutia giza kidogo, na baada yake mkate haufuti tena, kwa hiyo acha sehemu za mwanga ziwe nyeupe kuzidi unavyotaka.

Yule dada wa klabu ya sanaa, Mori, anachora malaika wenye ngozi ya kijani. Ni mapambo ya kitabu tu au kuna sababu?
*Kijani kimenishinda*

Kuna sababu, na ni kongwe. Nyekundu na kijani ni rangi zinazokabiliana. Zikikaa jirani kila moja humfanya mwenzake aonekane mkali zaidi, zikichanganywa hufifishana. Ngozi ya binadamu, iwe nyeusi au nyeupe, ina wekundu ndani yake. Ukitaka kuitia kivuli kwa kuongeza rangi nyeusi, utapata ngozi iliyokufa. Ukiitia kijani kidogo, au kuanza na tabaka la kijani chini halafu joto la nyekundu na kahawia juu, kivuli kinapoa bila kuchafuka.

Wachoraji wa Italia wa karne ya 14 walianza nyuso kwa udongo wa kijani kisha wakapaka rangi ya nyama juu. Katika picha nyingi za wakati ule tabaka la juu limechakaa, na leo watakatifu wanatutazama na mashavu ya kijani. Hawakukusudia kutisha mtu.

Lakini kwa Yatora hoja ya Mori ni pana kuliko kanuni ya rangi: ukiona kitu ni cha bluu, kipake bluu, hata kama ni tufaha. Ndipo Yatora anapothubutu kuichora Shibuya yake. Jaribu mwenyewe: chora kiganja chako kwa rangi za maji, tabaka la kwanza kijani chepesi sana kwenye vivuli tu, likauke kabisa, kisha rangi ya ngozi yako juu, nyepesi. Likiwa bichi, rangi mbili zitachanganyika papo hapo na utapata tope.

Nilinunua rangi za mafuta baada ya kusoma juzuu za mtihani. Picha yangu ina wiki tatu: sehemu nyeusi bado inanata, sehemu nyingine ya kahawia imepasuka nyufa nyembamba. Nilizimua kwa mafuta ya kupikia kwa sababu yale ya dukani yaliisha. Inaokoleka?
*Inanata bado*

Sehemu yenye mafuta ya kupikia ikwangue. Mengi ya mafuta ya jikoni hayakauki sawasawa, yatanata miezi na miezi na kukusanya vumbi. Tumia kisu cha paleti, kisha kitambaa chenye tapentaini, urudi mpaka turubai.

Sasa sababu. Rangi ya mafuta haikauki kama nguo kwenye kamba. Tapentaini ndiyo inayoruka hewani. Mafuta ya kitani yenyewe hayaendi popote. Huvuta oksijeni na kugeuka polepole kuwa ngozi ngumu. Kwa hiyo picha iliyofungiwa kabatini hukawia kuliko iliyowekwa penye hewa na mwanga. Na rangi hazikimbii sawa: nyingi za udongo wa kahawia hukauka haraka, nyeusi nyingi hukawia sana kwa sababu huhitaji mafuta mengi. Wewe uliweka kahawia iendayo haraka juu ya nyeusi ilalayo. Ya juu ikakaza, ya chini ikaendelea kujisogeza, ya juu ikapasuka. Ni kama kumwaga saruji juu ya matope.

Kanuni ambayo kila mwanafunzi wa rangi za mafuta hukaririshwa ni kwamba tabaka la juu liwe na mafuta zaidi kuliko la chini, kamwe si kinyume. Kwa vitendo: tabaka la kwanza rangi na tapentaini tu, jembamba, likikauka kwa siku moja mbili. La pili, kiowevu cha sehemu mbili za tapentaini kwa sehemu moja ya mafuta ya kitani. La tatu, nusu kwa nusu. Kiowevu kiwe matone ya kulainisha tu. Rangi ikianza kutiririka umezidisha. Nyeusi nzito iache iwe ya mwisho, au uitengeneze kwa kuchanganya bluu ya giza na kahawia, ambayo mara nyingi hutoka nzuri kuliko ya kwenye tyubu. Vanishi isubiri miezi sita mpaka mwaka.

Utauliza basi watahiniwa wanamalizaje picha kwa siku tatu. Hawangoji ikauke. Hufanya kazi rangi juu ya rangi bichi, kwa brashi nyingi, kila rangi na yake, au huanza kwa akriliki inayokauka kwa dakika kisha rangi ya mafuta juu. Njia hiyo ya pili ni salama kwa mwelekeo mmoja tu. Akriliki ikiwekwa juu ya mafuta, itabanduka.

Na hili tunalisema kwa sauti kubwa: vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani usivifinyange ukavitupa kwenye pipa. Kule kuvuta oksijeni hutoa joto, na rundo likikosa pa kutolea joto huwaka lenyewe, bila kiberiti. Vitandaze nje kimoja kimoja vikauke, au vizamishe kwenye maji ndani ya kopo la chuma lenye kifuniko.

Shikamooni wahariri. Mwanangu ana miaka 15 na haachi kitabu hiki. Nimefungua nikakuta wanafunzi wanavuta sigara na kunywa pombe, mbele kidogo mtu uchi anachorwa. Nimnyang'anye?
*Mama mwenye wasiwasi*

Marahaba, mama. Uliyoyaona yamo kweli. Afternoon ni jarida la wasomaji watu wazima vijana, si la watoto, na Yatora anapoanza ni mwanafunzi mwenye alama nzuri anayekesha na wenzake wakinywa na kuvuta, ilhali sheria ya Japani inakataza vyote viwili kabla ya miaka 20. Kitabu hakimsifu kwa hilo. Kinaonyesha mtu anayefanya kila kitu vizuri bila kuhisi chochote. Kuchora mwili uchi ni somo la kawaida la chuo cha sanaa, na limechorwa kwa namna hiyo. Kinachostahili macho yako zaidi ni sura za kitabu zinazomhusu Ayukawa Ryuji, mwenzake Yatora, ambaye ana mgogoro mzito na familia kuhusu utambulisho wake na anafika mahali pa kukata tamaa. Hizo msome pamoja, au uzitangulie wewe.

Kabla ya kunyang'anya, soma sehemu ambapo mama yake Yatora anapinga habari za sanaa. Kijana hajibizani naye, anamchora. Na katika kumchora anagundua mikono yake ilivyochakaa kwa kazi za nyumbani, kitu alichoishi nacho miaka yote bila kukiona. Mwombe mwanao akuchore, saa nzima mkae. Mchoro utakuwa mbaya. Mkae hivyo hivyo.

Mtihani wa Geidai ni mgumu kweli au mwandishi ametia chumvi? Na kwa nini Yatora asiende chuo kingine?
*Hesabu hazinikubali*

Chumvi ni kidogo. Idara ya rangi za mafuta ina nafasi 55 kwa mwaka, na waombaji huwa karibu 1,000. Wengi wao si wanafunzi wa sekondari bali waliokwisha kushindwa mwaka mmoja, miwili au zaidi, wanaoshinda kwenye shule za maandalizi wakichora asubuhi hadi usiku. Yatora anashindana nao akiwa ameanza darasa la pili la sekondari ya juu, yaani hana hata miaka miwili kamili.

Hatua ni hizi. Januari kuna mtihani wa taifa wa masomo ya darasani, ambao kwa idara hii uzito wake ni mdogo ukilinganisha na vitendo. Kisha hatua ya kwanza ya vitendo ni mchoro, na wengi huishia hapo. Wanaobaki hupata hatua ya pili ya rangi, ambayo kwenye manga inachukua siku tatu. Mada hutolewa chumbani. Katika kitabu hatua ya kwanza ni kujichora mwenyewe kwa kioo, na kioo cha Yatora kinapata ufa. Hatusemi anakifanyia nini. Hatua ya pili ni mtu uchi. Tazama ukatili wa mada hizo: ni za kawaida kiasi kwamba kila aliyepo amekwisha kuzichora mara mia. Kuchora vizuri hakutoshi kukutofautisha na aliye kulia na kushoto kwako. Hapo ndipo darasa la Bi Oba wa shule ya maandalizi linapokuwa na maana: mpangilio wa picha, jicho liingie wapi, lizunguke wapi, lisitoke. Jizoeze kwa njia yake ndogo. Chora vijisanduku vinane vya ukubwa wa kiberiti, na katika kila kimoja ipange picha ileile kwa maumbo makubwa matatu tu. Vile viwili vitatu vya mwanzo tupa, ni vya kila mtu.

Kuhusu chuo kingine, jibu ni pesa. Geidai ni cha serikali, na tangu 2019 ada yake ni yeni 642,960 kwa mwaka. Vyuo binafsi vya sanaa vya Tokyo huzidi yeni milioni 1.5. Nyumbani kwa Yatora hawana hizo, naye analijua hilo kabla hajafungua mdomo.

Je, mtu asiye na kipaji ajaribu?
*Nimechelewa, nina miaka 31*

Yatora mwenyewe huchukia neno hilo. Akisifiwa kipaji anahisi saa zake zote zimefutwa. Sisi tunakuuliza kitu kimoja: umechora vikombe vingapi? Chora kimoja kila siku kwa dakika 20, andika tarehe nyuma, usikiangalie mpaka vifike 30. Ukivitandaza sakafuni utajua ni kipi cha kurekebisha kuliko sisi tutakavyoweza kukuambia kwa barua.

Wanataja F100 kila mahali. Ndiyo nini? Nataka kutengeneza moja nyumbani.
*Fundi mbao*

Ni ukubwa wa turubai. Herufi ni umbo, namba ni ukubwa. F ni umbo la kawaida la kuchorea watu, P ni jembamba kidogo kwa mandhari, M ni jembamba zaidi kwa bahari, S ni mraba. F100 ya Kijapani ni milimita 1,620 kwa 1,303, F50 ni 1,167 kwa 910, F30 ni 910 kwa 727, na F6, ya kuanzia, ni 410 kwa 318. Yatora anaijaza F100 kwa mada ya mafungamano ya watu. Kwanza anayafikiria kama nyuzi, kisha anaona ni kama chuma, kinachoyeyuka, kinachobadilika umbo, na kinachoweza kukata.

Kwa mbao zako: upande unaogusa kitambaa uchongwe mteremko, ili ukingo wa ndani usiache mstari kwenye rangi. Weka mbao za msalaba katikati, vinginevyo kitambaa kikivutwa fremu itapinda kama upinde. Kabla ya kufunga kona, pima mshazari kutoka kona hadi kona, pande zote mbili. F100 yenye kona za nyuzi 90 sawasawa hutoa karibu sentimita 208 kila upande. Zikitofautiana hata sentimita moja, sukuma kona za mshazari ulio mrefu. Vuta kitambaa kwa kuanzia katikati ya kila upande, kisha upande unaokabili, ukielekea kona kidogo kidogo. Na pima mlango wa chumba chako kabla ya kupigilia msumari wa kwanza.